Akaunti isiyotozwa kodi: msamaha huu unamfaa nani?

Tangu Machi 1, 2015, Afrika Kusini ina akaunti za akiba zisizotozwa kodi: riba, gawio la hisa (sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wenye hisa) na faida ya mtaji (faida ya kuuza mali kwa bei iliyopanda) vinavyopatikana humo havikatwi hata senti. Ni ofa nzuri, na walio wengi hushauriwa waifungue mapema iwezekanavyo. Nakubali, lakini kwa sharti. Kabla ya kufurahia kusamehewa kodi, mtu ajiulize kama kodi yenyewe angeilipa.

Chukua riba, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Aliye chini ya miaka 65 tayari amesamehewa kodi ya riba ya hadi randi 23,800 kwa mwaka, na aliyefikisha umri huo randi 34,500. Benki ikilipa asilimia 8, itakubidi uwe na karibu randi 297,500 ndipo uuvuke msamaha wa kwanza. Sasa tuseme mtu ana randi 36,000 na amezifungia kwenye akaunti isiyo na kodi ya benki. Mwaka unaisha, amepata riba ya 2,880. Angeziacha kwenye akaunti ya kawaida yenye riba ileile, na kama hana akiba nyingine kubwa, angepata 2,880 zilezile, na kodi asingedaiwa. Hakuokoa chochote, na ametumia nafasi ya kuweka pesa ambayo hairudi.

Nafasi hiyo ndiyo mali yenyewe. Kikomo cha kuweka pesa kwa mwaka kilianza kwa randi 30,000, kikawa 33,000 mwaka 2017, 36,000 Machi 2020, kisha 46,000 Machi 2026. Juu yake kuna kikomo cha maisha cha randi 500,000, ambacho kwa mwendo wa 46,000 unakimaliza katika miaka 11 hivi. Ukitoa pesa unaruhusiwa, ila nafasi uliyoitumia imekwenda. Kanada, iliyoanza akaunti za aina hii mwaka 2009, humrudishia mwekaji nafasi yake mwaka unaofuata. Afrika Kusini haifanyi hivyo. Kwa hiyo fedha za dharura, zile za gari likiharibika au kazi ikikatika, si za kuwekwa humu.

Linaloniumiza zaidi ni akaunti za watoto. Mzazi anamfungulia mwanawe kwa nia safi kabisa, anaweka kidogo kidogo, kisha miaka sita baadaye anazitoa zote kulipa ada. Pesa zimefanya kazi njema, sawa. Lakini zimehesabiwa kwenye kikomo cha mtoto. Ataanza utu uzima akiwa amepungukiwa nafasi aliyotumiwa kabla hajajua maana ya kodi.

Mpaka hapa inaweza kuonekana kwamba nazipinga akaunti hizi. Sizipingi. Nguvu yake iko kwenye hisa, na hilo halisemwi vya kutosha. Gawio halina msamaha kama wa riba: mtu binafsi hukatwa asilimia 20 kama kodi ya zuio kabla fedha hazijamfikia, hata yule ambaye kipato chake ni kidogo kiasi kwamba halipi kodi ya mapato. Ndiyo maana siafiki hoja kwamba akaunti hizi ni za matajiri tu. Mfuko wa hisa, yaani uwekezaji wa pamoja unaonunua hisa za kampuni nyingi, wenye randi 300,000 ukitoa gawio la asilimia 3, ni randi 9,000. Nje ya akaunti 1,800 zinakatwa, ndani zinabaki na kuzaa. Kwa mwaka mmoja ni kiasi kidogo. Kwa miaka 25, huku thamani ya hisa ikipanda bila kodi ya faida ya mtaji kuingojea siku ya kuuza, ni jambo la kuheshimu.

Je, pensheni si bora? Kwa mwenye mshahara mkubwa, mara nyingi ndiyo, hasa mwajiri akimchangia. Mchango wa pensheni hupunguza kipato kinachotozwa kodi, hadi asilimia 27.5 ya kipato, ingawa kodi utakutana nayo mbele utakapochukua mafao. Kwa mwenye kipato cha chini punguzo hilo ni dogo au halipo kabisa, na pensheni humfunga mikono kwa miaka mingi. Huyo akiwa hana deni la riba kubwa, na akiwa na akiba ya dharura pembeni, ningemwambia aanze na akaunti hii, ndani ya mfuko wa hisa wenye ada ndogo, na asiiguse kwa miaka 10 au zaidi. Hisa hushuka pia. Anayehitaji pesa zake mwakani hana muda wa kusubiri hisa zipande.

Ukifungua, jihadhari na kufungua ya pili. Kikomo ni cha mtu, si cha akaunti. Kikomo kilipokuwa 36,000, mwenye makato ya randi 2,000 kwa mwezi kwenye kampuni moja na 1,500 kwenye nyingine aliweka 42,000 kwa mwaka wa kodi, kati ya Machi na Februari. Alizidisha 6,000, na faini ni asilimia 40 ya ziada: randi 2,400, alizodaiwa na mamlaka ya mapato hata kama alidhani kila akaunti ina kikomo chake.