Kabla ya Kukubali Kisu Begani
Anayeishi na maumivu sugu ya bega hujua kwamba usiku ni mgumu kuliko mchana, kwa sababu kulalia upande unaouma hakuwezekani na kujigeuza tu humkatiza usingizi. Mimi ni mmoja wao, na ninaelewa kwa nini mtu aliyechoka kiasi hicho hukubali upasuaji mara tu unapotajwa.

Hata hivyo, nashikilia kwamba kwa maumivu yaliyoanza polepole, bila kuanguka wala kuumia, kisu kisiwe chaguo la kwanza. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza uliohusisha wagonjwa 313: baadhi walikwanguliwa mfupa ulio juu ya kano za bega (nyuzi ngumu zinazounganisha misuli na mifupa) ili kano hizo zipate nafasi, wengine waliingizwa kamera tu ndani ya bega bila kukwanguliwa chochote, na wengine hawakupewa tiba yoyote. Waliokwanguliwa hawakupata nafuu kubwa kuliko walioingizwa kamera tu, na tofauti kati yao na wale wasiotibiwa ilikuwa ndogo mno kuwa na maana kwa mgonjwa.

Picha ya MRI, yaani ile inayopigwa kwa sumaku kuonyesha sehemu za ndani ya mwili, nayo huogopesha kupita kiasi. Kano zilizochanika huonekana hata kwa watu wasio na maumivu yoyote, hasa wazee, kwa hiyo mchaniko unaoonekana pichani huenda usiwe ndio unaouma.

Sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, hutuliza, lakini mara nyingi kwa wiki chache tu, na mwenye kisukari anapaswa kujua kwamba inaweza kumpandishia sukari kwa siku kadhaa. Mazoezi ya kuimarisha misuli minne inayoshikilia kiungo cha bega, yakisimamiwa na mtaalamu wa tiba ya viungo, ndiyo ninayoyaamini zaidi. Yanachosha, huuma kidogo mwanzoni, na huhitaji takriban miezi mitatu kabla ya kuyahukumu. Wengi, kwa bahati mbaya, huyaacha mapema wakidhani kila uchungu ni madhara.

Msimamo huu haumhusu aliyeanguka na ghafla akashindwa kuinua mkono. Huyo amwone daktari haraka, kwa sababu kano iliyokatika ikikaa muda mrefu hujivuta, msuli wake hudhoofika, na kuishona huwa kugumu zaidi.