Chumvi kwa Kibali

Jana usiku nimewekewa dodo, yaani mchicha. Sina ugomvi na dodo, ni mboga yenye heshima zake, inajiotea nyuma ya choo bila kuomba mbolea wala ruhusa. Lakini hii ilikuwa imechemshwa, basi. Maji, dodo, moto. Nikaitia kinywani nikahisi kama nimelamba ukuta wa kambi baada ya mvua.

"Daktari kasema," mama watoto akanijibu kabla sijafungua mdomo.

Huyu daktari kahamia kwangu. Halali hapa, hachangii kodi, lakini kila sufuria inayoinjikwa yeye ndiye mkuu wa kambi. Nilikaa benchi tangu alfajiri nikamwona dakika nne. Akanifunga ule mpira mkononi, akapuliza, akaguna. "Mzee, presha hii. Punguza chumvi, punguza mafuta." Ladha hakuitaja! Kupunguza ladha wamejiongezea wenyewe huku nyumbani.

Mimi nimekaa jeshini miaka 22, stoo. Posho na maharage ya watu nimegawa mimi. Leo napimiwa chumvi. Mama watoto kasikia redioni kwamba Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai hivi, na humo wamehesabu mpaka ile iliyojificha kwenye mkate. Basi kila asubuhi anachota kijiko, anakipangusa juu kwa kisu kiwe sawa, anafungia kabatini. Ukila mkate, anapunguza. Uganda yetu ina ziwa zima la chumvi kule Katwe, watu wanaingia majini kuichota, na mimi afande mstaafu naomba chembe kwa kibali! Ndiyo maana mfukoni nina kichupa cha vidonge ambacho hakina vidonge. Tuendelee.

Leo asubuhi nikapanda teksi kutoka Bombo mpaka soko la Kalerwe, nimevaa koti, nitafute dawa ya ulimi. Kondakta kanirudishia chenji pungufu, nikamsamehe. Nikasimama kwa mama mmoja anayeuza katunkuma, vile vibilinganya vidogo vichungu.

"Presha, ssebo?" akaniuliza.

"Umejuaje?"

"Hizi hakuna anayezila kwa mapenzi."

Nikamweleza shida yangu kwa staha, kwa sauti ya chini. Akauliza nani anapika. Nikasema mke wangu. "Kitunguu anakikaanga mpaka lini?"

Sijawahi kuulizwa swali kama hilo. Nikasema, "Mpaka... kiive."

"Nyabo!" akamwita wa nyanya. "Njoo usikie! Eti mpaka kiive!"

Wakaja watatu. Wa nyanya akavuta kigoda akaniweka chini kama mtoto wa kunyolewa. Kitunguu, akasema, mafuta kijiko kimoja tu, moto mdogo, unakigeuza polepole mpaka kiwe rangi ya udongo wa njia ya Luweero. Ndipo nyanya. Nayo iache ivunjike, ikauke, ianze kushika sufuria. "Nyinyi mnamimina maji nyanya ikiwa bado hai."

Mama mmoja wa kutoka Lira akaingilia kwamba yote hayo ni kelele, mboga inataka odii: karanga na simsim, zikaangwe, zisagwe, kijiko kimoja dakika ya mwisho. Wa tatu akasema mukene, vile vidagaa vya ziwani. Ikaushe kwenye kikaango, toa vichwa, itwange unga, tia kidogo, mchuzi wenyewe utasimama kwa miguu yake.

"Mukene? Na mchanga wake? Hicho chakula cha kuku!"

"Kuku wako anakula vizuri kuliko mume wako!"

Hapo mimi nikasahaulika. Nimekaa kwenye kigoda, koti limekunjika, vita vinapita juu ya kichwa changu kwa lugha tatu. Bibi mmoja wa ndimu akapata nafasi ya kuninong'oneza: chumvi usiitie jikoni kabisa, inyunyize sahanini mwisho, hapo ulimi unaikuta juu juu. Ukikamua na ndimu hutauliza chumvi iko wapi. Huyo ndiye pekee aliyenihurumia. Akaniuzia ndimu kumi.

Kisha kijana wa toroli, aliyekuwa akingoja tumpishe, akasema: "Mzee hana shida ya chumvi. Ana shida ya makaa."

Wote kimya.

Maana ni kweli, jamani! Kitunguu polepole kwa makaa ya nani? Tangu 2023 rais alipopiga marufuku biashara ya makaa kule kaskazini, ukimuuliza muuzaji mbona bei hii, anakutazama kama wewe ndiye uliyeikata miti. Mama watoto anachemsha haraka kwa sababu makopo mawili ndiyo ya siku nzima, na maharage bado hayajaingia humo. Mtu mzima, pensheni ya kusukumwa, halafu unafundishwa subira na kitunguu!

Nikanunua kila kitu. Hesabu yake sitaitaja, mama watoto anajua kusoma.

Jioni nikaingia jikoni mwenyewe. Nikakaanga, nikangoja, nikamaliza kopo zima la makaa. Odii, ndimu. Mukene nilikanusha kuinunua lakini niliitia. Mama watoto akaonja, akanyamaza, akala, akakwangua sufuria kwa kidole.

"Umetia chumvi."

"Wallahi sijatia."

"Lete hicho kichupa cha vidonge nihesabu."

Nikatoka nje kupunga hewa. Na huyu jirani naye! Kila Jumamosi mbuzi, sigiri mbili zimejaa mpaka juu, moshi wote unakuja dirishani kwangu. Makaa hayo anayatoa wapi?