Kinyonga wa Familia

Idd iliyopita tulikuwa kwa shangazi, hapa Busia, sinia la pilau katikati, baba mkubwa akanitazama akauliza, "Na kinyonga wetu, safari hii yuko dini gani?" Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, maana pilau lilikuwa tamu. Lakini neno hilo limenikaa kooni wiki nzima, acha leo nilitoe.

Kinyonga hubadilika ukipepesa jicho. Mimi imenichukua miaka 14.

Madrasa ilinipa Juzuu Amma na adabu ya kuvua viatu mahali patakatifu. Mama alipookoka nikamfuata kwa walokole, nikajua kumwambia Mungu shida zangu kwa maneno yangu. Nikazamishwa ziwani, Jinja, nikatoka natetemeka kwa baridi na kwa furaha. Kisha mchungaji akanisimamisha mbele ya watu anikemee "pepo la Ramadhani". Pepo! Mwezi ambao bibi alikuwa akinituma na bakuli la uji kwa jirani kabla sisi wenyewe hatujafuturu! Pepo lilipokataa kutoka (lingetoka wapi?) ikaletwa bahasha ya mbegu, yaani sadaka ya pesa. Hiyo ilitoka haraka, nami nikatoka nayo.

Parokiani nilikwenda nikitarajia kuambiwa nifute yote nianze upya. Katekista, mzee wa baiskeli, aliuliza: ulibatizwa kwa maji? Kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu? Nikasema ndiyo. "Basi hatukubatizi tena." Nikafundishwa, nikaungama, na usiku wa mkesha wa Pasaka nikapokewa, nikapewa kipaimara na komunyo. Yaani ubatizo wa watu walioniona nina pepo ulihesabiwa. Nililia, sioni haya kusema.

Na kama kuhama ni aibu, baba mkubwa atuambie kuhusu Matia Mulumba. Msoga yule alikuwa Mwislamu, akaenda kusoma kwa Waprotestanti, akaishia kwa Mapeera, padri mmisionari wa Kikatoliki, akabatizwa 28 Mei 1882. Miaka minne baadaye, kwa ajili ya imani hiyo, walimkata viungo pale Old Kampala, wakamwacha afe polepole. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita akamtangaza mtakatifu pamoja na wenzake 21. Mtu anayetafuta starehe hatafuti hiyo.

Haya, nakubali, Wakatoliki nao wana yao. Padri wetu anaweza kuhubiri nusu saa kuhusu mabati ya kanisa, na Mungu asitajwe ila kwenye amina.

Mwaka huu natembea kwa miguu hadi Namugongo kwa ajili ya Juni 3, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, yaani Matia na wenzake. Shangazi, ambaye hajawahi kukosa swala tano, alinipigia jana usiku. Nilijiandaa kwa ugomvi. Akasema, "Usivae viatu vipya, mwanangu, vitakuchubua," kisha akauliza nitapita saa ngapi anifungie chapati.