Dago la Wazee wa Sydney

Ijumaa usiku nilikuwa nafunga mizigo sebuleni, simu ya mama ikiwa kwenye spika juu ya meza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona nasikia kishindo, unahama?"

"Sihami. Kesho nakwenda kulala ufukweni na wenzangu wa klabu ya kutembea porini."

Akanyamaza kidogo. Kisha akashusha sauti, kama vile majirani wa Pangani wangemsikia: "Kodi imekushinda?"

Namwelewa. Kwetu Pangani anayelala pwani ana sababu: mvuvi anangoja maji, au mume kafungiwa mlango. Mtu mwenye kitanda na chandarua hatandiki mchangani. Na huku Sydney Waswahili wenzangu hawana huruma hata ya mama. Kila nikikosa shughuli ya mtu kwa sababu ya klabu, Jumatatu napokea ujumbe: "Dada, sisi tumekimbia kulala chini, wewe unalipia?" Halafu vikatuni vya kucheka, kumi na mbili.

Miaka sita nimekuwa nikicheka nao kwa kukosa jibu. Sasa ninalo. Hayo mnayoyaita mambo ya Kizungu, babu yangu aliyafanya mpaka magoti yalipomkataa, na yana jina la Kiswahili. Yanaitwa dago.

Nitarudi kwenye dago. Kwanza niwaeleze klabu yenyewe, maana wengi mnadhani tunakwenda huko kufanya mazoezi.

Waaustralia wana neno moja kwa kila kilicho nje ya mji; msitu, nyika, vichaka vya pwani, kwao vyote ni pori. Kutembea ndani ya pori hilo wamekugeuza kuwa chama chenye mweka hazina, kumbukumbu za vikao na ugomvi wa uchaguzi. Klabu yangu ni ya wastaafu watupu, karibu. Kazi yangu ya wiki ni kutunza wazee katika nyumba ya wazee, na Jumamosi nikipumzika kutoka kwa wazee nakwenda kutembea na wazee. Tofauti ni kwamba hawa wa Jumamosi ndio wanaoningoja mimi juu ya mlima.

Binti wa mzee mmoja niliyekuwa nikimhudumia ndiye aliyenivuta. Safari yangu ya kwanza ya kulala ilikuwa ile ya njia ya pwani, katika hifadhi ya Royal, kusini mwa jiji. Unapanda kivuko Cronulla, unashuka Bundeena, unatembea kilomita 26 ukingoni mwa bahari mpaka kituo cha treni cha Otford, na katikati unalala usiku mmoja mahali paitwapo North Era. Hifadhi hiyo ilitengwa mwaka 1879, miaka kumi kabla ya Wajerumani kumnyonga Abushiri kule kwetu. Nilipousoma mwaka huo kwenye kibao nilisimama nikapiga hesabu hiyo, na wenzangu wakadhani nimechoka.

Kwenye gati la Bundeena, kiongozi wetu, mwalimu mstaafu wa hesabu aliyekwisha kupita miaka sabini, alitoa mzani wa ndoana mfukoni akaning'iniza shanta langu. Kilo 19. Akalifungua, akaanza kutoa kitu kimoja kimoja na kukipanga juu ya mbao kama askari wa forodha. Sufuria la kupikia pilau la watu kumi na wawili. Mchele kilo mbili. Chupa ya chai. Kanga pea mbili. Nazi nzima. Na chini kabisa, imeviringishwa ndani ya taulo, mbuzi ya kukunia.

"Hii ni nini?"

Nikamwambia jina lake na maana ya jina. Akalitazama lile jino la chuma, akanitazama mimi, akaamua asiulize zaidi. Mbuzi na sufuria vikalazwa dukani pale gatini, mwenye duka kakubali kwa kicheko. Mchele ukagawanywa kwenye mashanta ya watu wanne bila mtu kuombwa. Nazi nilikataa kuiacha. Niliibeba mwenyewe siku nzima.

Njia ile siwezi kuieleza yote. Mnakanyaga majabali ya mchanga yenye rangi ya asali na kutu, yaliyokatika ghafla kama mkate, na chini yake bahari inapiga mpaka unaisikia kwenye nyayo. Kuanzia Mei nyangumi huanza kupita wakielekea kaskazini, na mzee mmoja wetu ana tabia ya kuwaona kabla ya wote, hata wasipokuwepo. Kilichonishangaza mimi mtu wa pwani ni kwamba bahari ya Sydney haipwi. Nasema haipwi kwa kipimo chetu. Kwetu bamvua likitoka unatembea mpaka unasahau ulikoacha viatu, wanawake wanachokoa pweza, watoto wanaokota chaza. Kule maji yanashuka kimo cha mtu, basi, yanarudi. Mwaka wa kwanza nilikuwa naingojea ikauke kama mtu aliyealikwa chakula kisichoiva.

Tulifika North Era jioni, joto kali. Kiongozi hakuturuhusu kukatiza njia ya mkato, kwa kuwa chini ya nyasi pale kuna chungu za makombe. Wadharawal, wenyeji wa pwani ile, walikula chaza hapo vizazi kwa vizazi na kuacha maganda papo hapo. Nikayatazama yale maganda meupe yaliyochungulia kwenye mchanga. Mtu aliyewahi kukaa kwenye kichanja cha wavuvi haambiwi ni kitu gani kile.

Nazi niliivunja juu ya jiwe, kwa jiwe. Mbuzi ilikuwa Bundeena, basi tukaikata vipande kwa kisu, wazee kumi na mmoja wakazunguka wakitafuna na kusifu. Maji yake tulipokezana kwenye kikombe cha bati. Mpaka leo ratiba ikitoka, kuna anayeuliza kama nazi inakuja.

Usiku ule ndio nilioupata upepo wa kusi wa huko. Kusi la kwetu ni mgeni mwenye adabu, huja Aprili, likakaa miezi yake, likaaga. La Sydney huvunja mlango. Saa tatu usiku tulikuwa tunatoka jasho, robo saa baadaye hema langu la bei ya chini lilikuwa limepinduka, nusu yangu ndani, nusu nje, na nguzo moja imekatika. Nikapiga ukelele wa kwetu, ule wa "Mama wee!" Nikaona taa za vichwani zinawaka moja baada ya nyingine kwenye mahema, na wazee wanatoka. Hakuna aliyetoa amri. Mmoja alikalia kona ya hema, mmoja akabeba jiwe, mwalimu akaifunga nguzo kwa kijiti na plasta ya kidonda. Mama mmoja wa miaka sitini na tisa aliniingiza kwenye hema lake na kunipa nusu ya godoro. Mimi nikatoa kanga moja tukajifunika wawili. Ilikuwa imeandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone". Akaniuliza maana yake. Nikashindwa kumfasiria bila kucheka, kwa sababu yeye ndiye mwenyeji na anayepona ni mimi.

Nikiwa pale, nguo yetu inapigwa na upepo juu ya uso, ndipo nilipomkumbuka babu.

Babu mzaa mama alikuwa mvuvi. Kuna miezi hakuonekana nyumbani. Ukiuliza unaambiwa, "Wapo dago." Mashua inakwenda mbali na kijiji, kisiwani au kwenye mlango wa mto, wanapiga kambi wiki kadhaa wakivua na kukausha ng'onda. Usiku hushusha tanga wakalitandaza juu ya mlingoti na pondo, wakalala chini yake. Kijana mdogo kuliko wote ndiye mpishi, akiunguza wali anaimbiwa mpaka warudi. Nahodha neno lake halipingwi baharini, ila mchangani anachota maji kama wengine. Kupiga mluzi usiku marufuku. Maji ya kunywa yanapimwa kwa kikombe kimoja, na anayekunywa zaidi anajulikana. Babu alituhadithia dago kuliko alivyotuhadithia vita, harusi au mji wowote. Alipozeeka, kilichomliza kilikuwa hicho. Umaskini aliuzoea.

Sasa nitazameni klabu yangu. Kila miezi mitatu hutoka ratiba: tarehe, njia, urefu, ugumu wake, na nani nahodha. Mgeni hapewi uanachama mpaka atembee safari kadhaa na kuonekana anavyokaa na watu. Mafuta ya gari yanagawanywa sawa. Kiongozi yuko mbele, mfunga msafara yuko nyuma, katikati tembea utakavyo. Kuna mtu kabaki mjini na orodha ya majina yetu. Saa ikipita hatujampigia, yeye ndiye huwaita polisi. Hilo ni dago, ndugu zangu. Limekosa samaki tu.

Na moto. Hili nawalaumu, ingawa sababu naijua. Era hairuhusiwi kuwasha kuni, ni jiko la gesi peke yake. Januari 1994 moto wa porini uliunguza zaidi ya asilimia 90 ya hifadhi ile, hivyo hakuna wa kubishana nao. Lakini watu kumi na wawili kuzunguka jiko dogo la gesi linalotoa sauti kama nyoka, hakuna hadithi inayonoga hapo. Wanakwenda kulala saa mbili na nusu. Chakula chao pia, Mungu awasamehe: unga wa pakiti unaomiminiwa maji moto ukaitwa kuku.

Wapo vijana, hata wa kwetu, wanaoniambia klabu ni mambo ya kizamani, siku hizi unaangalia njia kwenye simu na kwenda na mliojuana mtandaoni. Nimekwenda nao mara mbili. Sina haja ya mara ya tatu. Mwenye mwendo anakwenda, mzito anaachwa, na mwisho wa siku hakuna anayejua walioingia walikuwa wangapi. Kusini ya Era kuna mwamba wenye vidimbwi vyenye umbo la namba nane. Picha zake zimejaa kila mahali, na mawimbi yamewabamiza watu pale vibaya hata wenye hifadhi wakaanza kutoa utabiri wa hatari kila siku. Siku tuliyopanga kwenda, mwalimu alisoma utabiri, akatazama bahari dakika tano, akasema hapana. Nilikasirika, maana kilemba changu nilikifunga kwa ajili ya picha ile. Tukageuka wote. Babu angekuwa nahodha angefanya vivyo hivyo, na mimi ningenuna vivyo hivyo.

Tena watu hawa si wa kutembea tu. Mwaka 1931, wakati wa ule mdororo wa uchumi, watembea pori wa Sydney walikuta bonde la mikalitusi mirefu katika milima ya Blue Mountains limekodishwa kwa mtu aliyetaka kuikata apande miti ya jozi. Wakakaa naye chini, wakakubaliana, wakachanga pauni 130, akaliacha. Miaka mitatu baadaye kelele zao zikasaidia kutengwa kwa Garawarra, kipande cha kusini cha pwani hii hii ninayoisimulia. Chama chetu cha Waswahili hapa kinachanga vizuri sana kwa misiba na harusi. Nilipopendekeza tuwapeleke watoto Era usiku mmoja, swali la kwanza lilikuwa nani atapika, la pili choo kikoje. Kipo choo! Lakini ajenda ikahamia kwenye bei ya ukumbi.

Kuna jambo moja nimelificha mpaka hapa. Dago lilikuwa la wanaume. Bibi yangu hakulala dago hata usiku mmoja. Yeye alitanda uduvi kwa kitambaa mpaka kiunoni, akarudi nyumbani, akangoja. Mimi ni wa kwanza katika wanawake wa nyumba yetu kulala pwani kwa hiari yangu, na ilinibidi nivuke bahari nzima ndipo nipate wa kulala nao bila kusemwa. Kwa hiyo mama akiniuliza habari ya kodi, namjibu kwa upole.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani nikamwomba mjomba anipeleke Maziwe, kisiwa ambacho babu alikitaja kuliko vyote. Wakati wake kilikuwa na mivinje, na kasa walipanda kutaga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakukuwa na mti hata mmoja. Leo ni fungu la mchanga, na bamvua likijaa huoni kitu. Tuliondoka Ushongo asubuhi na mashua ya mashine. Nilikuwa nimebeba hema langu jipya, la bei ya juu, mjomba akaliangalia bila kusema neno. Nikalisimamisha juu ya mchanga mweupe mahali nilipokisia kulikuwa na mivinje, nikajilaza ndani, nikafungua mlango upande wa bahari. Tukala chapati na pweza aliyekaangwa na shangazi. Nilikuwa karibu kusinzia niliposikia mjomba anaita kutoka mashuani, maji yamemfika magotini.

"Funga hema lako, mwanangu. Kinazama."