Wamenilipa kwa Kuanguka

Mwezi uliopita nilikuwa naanguka tu, wiki nzima. Mimi ni mcheza dansi, na koreografa wetu, yaani mtunzi wa hatua, hapa Lyon, Ufaransa, alitaka niporomoke kutoka kitini, nipokee sakafu kwa bega, ninyanyuke bila kutia mkono chini. Asubuhi naanguka, mchana naanguka, usiku najikanda bega kwa mafuta ya nazi. Hakuna mtazamaji hata mmoja, hakuna tiketi iliyouzwa. Kisha ikaja hati ya mshahara, na saa zile za kuanguka zimo zote, zimekatwa mpaka michango ya bima na pensheni.

Nilicheka peke yangu. Halafu nikakasirika, na hasira yenyewe haikuwa ya Wafaransa.

Nyinyi mliocheza hoteli za ufukweni Mombasa, Nyali mpaka Shanzu, mnajua ilikuwa ya nani. Kule unalipwa shoo. Shoo ni zile dakika chache baada ya chakula cha usiku, mkitoka watu wa sarakasi mnaingia nyinyi, mkitoka nyinyi timu ya animesheni, wale waburudishaji wa hoteli, inawaita wageni wakatike viuno. Mazoezi yote ya nyuma, kwenye uwanja wa shule Kisauni jua likiwa utosini, nauli yako, maji yako, leso na kayamba za kuchangishana, hayo ni mapenzi yako ya sanaa. Aliyetunga hatua zenyewe hapati hata shukrani. Wiki ijayo kundi jingine linazicheza harusini, wamezitoa kwenye simu. Ukimgusia meneja habari ya mazoezi, naye anakuuliza: kwani si kitu mnachokipenda?

Hapa Ufaransa, mcheza dansi, mwigizaji au fundi wa jukwaa akifikisha saa 507 za kazi ndani ya miezi 12, siku zake zisizo na mkataba analipwa posho ya kukosa kazi. Saa za mazoezi zikiwa ndani ya mkataba zinahesabiwa sawa na za jukwaani. Nikicheza, nikiigiza, zote zinaingia kapu moja. Kwa mara ya kwanza nimeweza kuugua mafua bila kufikiria kodi ya nyumba.

Najua kuna anayeandika tayari: "Huyu kapanda ndege juzi, leo anatufundisha maisha." Ngoja kwanza, bwana wee. Sijasema Ufaransa ni pepo. Asiyefikisha zile saa habembelezwi na mtu. Makaratasi ya ukaazi yanakula nusu ya akili yangu, na baridi ya Januari inaingia kwenye magoti ya mcheza dansi na kukataa kutoka. Wala msidhani hawa walipewa haki zao kwenye sinia. Mwaka 2003, masharti ya posho yalipokazwa, wasanii waligoma mpaka tamasha la Avignon, kubwa kama lilivyo, likafutwa. Wacheza baleti wa Opera ya Paris wanastaafu wakiwa na miaka 42, kwa utaratibu unaotokea enzi za mfalme Louis wa 14, mwaka 1698. Serikali ilipotaka kuugusa mwaka 2019, waligoma, na mkesha wa Krismasi wakatoka kucheza nje kwenye baridi, penye ngazi za jumba lao la Palais Garnier. Miaka 42! Kwetu umri huo bado unaitwa "kijana wa ngoma" na unatumwa kubeba spika.

Lakini kwa ngoma yenyewe tusidanganyane, hawatuwezi. Nikiwafundisha kutikisa mabega kwa ngoma ya Kigiriama, darasa zima linatingisha kichwa badala ya bega. Chakacha, ngoma yetu ya viuno, ndiyo msiseme. Na watazamaji wao! Wanatazama kimya mpaka taa izimwe. Unamaliza hujui kama umeua au umeuawa. Harusi ya Mombasa, ukipatia, mama mtu mzima anatoka kitini na noti anakubandika kwenye paji la uso, vigelegele vinapasua hema. Utamu ule sijaupata popote huku, na siku nikiwa na huzuni ndio ninaoukumbuka.

Ila noti ile ni ya kile alichokiona. Mkono wetu ni mwepesi kwa kinachoonekana, na sehemu kubwa ya maisha ya mcheza dansi haionekani.

Msiniambie haya ni mambo ya kizungu. Waulizeni wazee habari za ngoma ya beni, vikundi vya Kingi na Skochi walivyoshindana Mombasa hii hii, au vyama vya ngoma ya lelemama vya bibi zetu, vyenye vyeo na michango yake. Sare, ala, vyakula, vyote viligharamiwa na chama kabla ya mtu yeyote kuona kitu uwanjani.

"Basi rudi nyumbani ujenge." Hili nalo nalisikia. Mcheza dansi wa Kongo, Faustin Linyekula, alikuwa Nairobi na Mkenya Opiyo Okach miaka ya 1990, wakaanzisha kundi la dansi la Gàara. Kisha akarudi Kongo, na mwaka 2001 akaanzisha Studios Kabako, kituo chake cha dansi. Germaine Acogny ana shule yake ya dansi Toubab Dialaw, Senegal, na mwaka 2021 tamasha la sanaa la Venice, Italia, likampa tuzo ya Simba wa Dhahabu. Kwa hiyo inawezekana, nawavulia kofia. Lakini mnaonitaka nirudi, mbona mkiniita nicheze mnaniambia hakuna malipo, "utaonekana"? Nimeonekana vya kutosha.

Na wewe unayeuliza pesa za mazoezi zitoke wapi, mtazame fundi wa spika. Anafika hotelini saa nane mchana, anashusha mizigo, anavuta nyaya, anapima maiki mpaka magharibi, na kazi yake imeanza kuhesabiwa tangu gari lilipoegeshwa, chai na mahamri juu. Sijawahi kumsikia meneja akimwambia atalipwa zile dakika muziki unapolia peke yake. Pesa ipo basi. Kwenye karatasi ya makubaliano, chini ya neno shoo, andikeni mstari mmoja wa mazoezi: siku mbili, nauli na chakula. Sijasema saa 507.