Mkonge Hausemi

Mimi fundi baiskeli hapa Makorora, Tanga. Niletee baiskeli mbili zilizotoka boksi moja, nitakwambia zitakwenda sawasawa, labda moja itangulie kukatika spoku. Sasa nielezeni hawa wanangu wawili. Tumbo moja, sinia moja, mkeka mmoja. Wa kike, darasa la nne, hana breki. Wa kiume, darasa la pili, breki zimeganda.

Shule ikitangaza jambo, dada mtu kashanyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza. Skauti yumo. Mbio za vijiti yumo. Kwaya yumo, na ile sauti naijua mimi, Mungu anisamehe. Leo skafu, kesho soksi nyeupe, keshokutwa raba, na habari zote naletewa saa tatu usiku: "Baba, mwalimu kasema kesho." Kesho ipi, na maduka Ngamiani yameshafungwa?

Mdogo wake haombi kitu. Mtasema nafuu. Juzi namwona anaandika kwa kipisi cha penseli kifupi kuliko njiti ya kiberiti. Namuuliza mbona husemi? "Bado inaandika, baba."

Basi siku ya wazazi inakuja, wana igizo la mkonge. Tanga hii, igizo litakuwa la nini tena? Ni habari za yule Mjerumani aliyeleta mkonge huku, Dokta Richard Hindorf. Mwaka 1893 aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikazungushwa mpaka Hamburg, ikafika huku iliyo hai 62 tu.

Hindorf ni nani? Binti yangu! Kajichora masharubu kwa masizi ya sufuria, anapita uani mikono nyuma, anatoa amri kwa Kijerumani alichokitunga mwenyewe. Kuku wanamwelewa, mimi hapana.

Kijana kapewa kuwa mche. Hana neno hata moja la kutamka. Nikaenda kumpa pole, nikamkuta meno yote nje: "Nasimama tu, baba!" Kisha akanyamaza, akanyamaza weee, halafu: "Ile 938 ilifia wapi? Melini?" Nikamwambia akamuulize mama yake.

Jana Jumapili jioni nafunga kazi, naingia uani, namkuta kasimama katikati, mikono juu, vidole kavitanua, maji yanamchuruzika kichwani mpaka kwenye soksi. Hindorf yuko pembeni na kata mkononi.

"We mtoto! Mkonge mmea wa ukame, unamwagilia wa nini?"

"Sasa baba, ile 938 unadhani ilikufa kwa nini?"

Nikamgeukia mwenye kulowa. "Na wewe, unamwagiwa maji unatazama tu? Huna mdomo?"

Kimya. Hata kope hakupepesa. Dada yake ndiye aliyenijibu, tena kwa upole, kama anayemfundisha mgeni:

"Mkonge hausemi, baba."

Na sare aliyovaa ndiyo hiyohiyo moja, kesho yake Jumatatu.