Jeki kubwa na chumvi ya Tanga

Muziki ukikatika ghafla katikati ya harusi pale Ngamiani, Tanga, watu huitazama amplifaya. Mara nyingi kosa liko kwenye jeki kubwa ya milimita 6.35, ile ya gitaa na kinanda, iliyofifia rangi kwa upepo wa bahari. Hata hivyo nashikilia kwamba vikundi vya pwani havina kiungo cha kukitegemea kuliko hiki, kwa kuwa kinafunguka na kutengenezeka.

Asili yake ni simu. Mwaka 1878, New Haven huko Marekani, ilianza kazi bodi ya kwanza ya kibiashara ya kuunganisha wateja wa simu, na katika miaka iliyofuata bodi hizo zikawa na matundu na pini za kuchomeka. Opereta alichomeka na kuchomoa kutwa nzima, kwa haraka, kwa mkono mmoja. Ndiyo maana pini ni ya mviringo, haina juu wala chini, na ncha yake ina shingo ambayo springi ya ndani ya tundu huikamata. Gitaa la umeme lililirithi umbo hilo. Black Star Musical Club ya hapa Tanga ilipotia gitaa la umeme na besi ndani ya taarabu miaka ya 1960, pini ya opereta wa simu ikawa ya mwanamuziki.

Sasa matengenezo. Sauti ikikwaruza, futa pini kwa kitambaa chenye spiriti. Msasa usiuguse kabisa: unakwangua nikeli ya juu, na shaba iliyobaki wazi huharibika upesi zaidi kwenye hewa hii. Pini safi na bado inakwaruza? Fungua kifaa, ikunje kidogo springi ya tundu, kisha kaza nati ukiwa umelishika tundu kwa ndani. Lisiposhikwa huzunguka na kukata nyaya zake.

Waya ukikatika pale unapoingia kwenye jeki, kata sentimita chache uanze upya. Tanguliza kifuniko na kibomba chake cha plastiki kwenye waya, kwani ukisahau utalehemu mara mbili. Menya ganda la nje milimita 15, sokota nyuzi za kinga, zile zinazouzunguka waya wa kati, ziwe kamba moja, menya waya wa kati milimita 5. Waya za gitaa nyingi zina tabaka jembamba jeusi juu ya plastiki ya waya wa kati. Hilo linapitisha umeme, hivyo liondoe lote; likigusa sehemu ya ncha, sauti inadhoofika na fundi anabaki kulaumu gitaa. Waya wa kati uende kwenye mguu mfupi wa jeki, ule wa ncha, kinga kwenye mguu mrefu, ule wa mwili, na meno ya mguu mrefu yabane ganda la nje. Pasha mguu wa jeki kwanza ndipo uguse risasi ya kulehemu. Ikiganda ya kijivu isiyong'aa, irudie. Mita ya kupimia umeme ioneshe njia ncha kwa ncha, mwili kwa mwili, na pasiwe na njia kati ya ncha na mwili.

Waya wa gitaa usizidi mita 6 hivi. Kila mita inaongeza uwezo wa waya kuhifadhi chaji, na sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza.

Tatizo linalowachanganya wengi huja pale muziki unapopigwa kutoka kwenye simu ya mkononi. Jeki yenye pete mbili nyeusi ni ya stereo. Ukiichomeka kwenye tundu la miksa (mashine ya kuchanganya sauti) lililo "balanced", yaani linalosoma tofauti kati ya nyaya mbili, miksa hupunguza upande mmoja kutoka kwa mwingine. Mwimbaji aliyerekodiwa sawa pande zote anafutika, vikabaki vyombo na mwangwi. Tumia waya wa Y: jeki ndogo ya stereo upande wa simu, jeki kubwa mbili za pete moja upande wa miksa, kushoto chaneli hii, kulia chaneli ile.